Ukurasa Gani?

Ukatibu nilipewa kwa sababu ya mwandiko. Siku tulipochagua viongozi wa chama cha wakazi wa mtaa wetu, hapa wadi ya Kiuu, mwenyekiti aliuliza nani anaandika maandishi yanayosomeka, na mama mmoja mteja wangu akajibu kutoka nyuma: "Fundi wa pale kona. Vipimo vyangu vya mwaka juzi bado vinasomeka." Watu wakacheka, wakapiga makofi, nikawa katibu. Tangu hapo dukani kwangu kuna marundo mawili, sare za shule upande mmoja wa cherehani na barua za chama upande wa pili, na si mara moja nimemkabidhi mzazi sweta lenye kumbukumbu za mkutano ndani.

Kiuu ni wadi moja kati ya 8 za eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Mgeni ukimwambia Kiuu hapajui. Mwambie Githurai 45, atakutajia mpaka bei ya nyanya. Namba hiyo ni ya matatu: za 45 zilikuja upande wetu, za 44 zikaenda ng'ambo ya Thika Road, na namba zikabaki kuwa majina ya mitaa. Mpaka wa kaunti nao ukapita papo hapo, kwa hiyo 44 ni Nairobi na sisi ni Kiambu. Soko linamwagika hadi kwenye reli. Treni ikipiga honi akina mama huvuta magunia, ikishapita wanayarudisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 371,111 katika kaunti ndogo ya Ruiru, na ukisimama stejini saa moja jioni utadhani wote wameshukia kwetu.

Desemba iliyopita, ya 2025, nilisoma ripoti ya mwaka chini ya hema la kukodi. Nilianza na yale mepesi. Taa ya mulika mwizi karibu na kanisa inawaka tena. Vijana wa kuzoa taka wamejiandikisha kama kikundi, maana Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inadai watu wasiopungua 10, nao walikuwa 9 mpaka wakamwongeza dada wa mmoja wao. Michango ya matanga imelipwa. Fomu za basari zimegawiwa. Hapo watu walikuwa wakizungumza wao kwa wao, watoto wakilia, mwenye hema akitaka kujua tutamaliza saa ngapi. Nilipotamka neno "mtaro," hema lote likanyamaza.

Mtaro wenyewe si kitu cha kutazama. Unaanzia juu karibu na barabara ya lami, unashuka nyuma ya ploti, unapita chini ya kivuko ambacho kila mwaka kinaziba kwa karatasi na nguo kuukuu, halafu unafika bondeni kwa wapangaji wa vyumba vya chini. Zamani maji yalikuwa na pa kuingia. Thika Road ilipopanuliwa na kufunguliwa 2012, ploti zilipanda bei, ghorofa zikafuata, na udongo uliokuwa ukinywa mvua ukafunikwa saruji. Sasa mvua ya nusu saa inatosha kumfanya mpangaji wa bondeni anyanyue godoro. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yale yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, yalipotufikia, nilishona mapazia usiku kucha kwa sababu sikuweza kulala. Kutoka bondeni nilikuwa nasikia watu wakichota maji ndani ya nyumba zao na kuyamwaga nje, na yakirudi.

Inafaa niseme tulivyokosea, kwa sababu kosa lilikuwa letu wenyewe. Mei 2023 tulikwenda kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti. Tulikuwa wengi, tumevaa vizuri, na mimi nimeandika orodha ya mambo 14: mtaro, taa, zahanati, vyoo vya soko, barabara, na mengine ambayo leo siyakumbuki. Tulizungumza kwa zamu. Mzee wetu mmoja alizungumza mpaka akatokwa machozi. Afisa aliyekuwa akiandika alitusikiliza kwa heshima, kisha kikao kilipoisha akaniita pembeni akaniuliza kama mambo yetu yalikuwa kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka. Sikujua kuna kitu cha jina hilo. Akanieleza polepole kama mtu anayemweleza mgonjwa, na nilipokuwa nikirudi nyumbani nikaelewa kwa lugha ya kazi yangu: kitambaa kilikuwa kimeshakatwa, nasi tulikuwa tumekwenda kuomba mikono mirefu.

Mambo yenyewe yako hivi. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 serikali ya kaunti inapaswa kuwasilisha Mpango wa Maendeleo kwa bunge lake kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, karibu miezi 10 kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Kufikia 28 Februari unakuja waraka wa mkakati wa fedha, ule unaosema kila idara itapata kiasi gani. Makadirio ya bajeti yanafika bungeni kufikia 30 Aprili. Kwa hiyo mtu anayekwenda Mei kuomba mtaro mpya anaomba pesa ambazo Februari zilikwisha kupewa wenyewe. Wengi wetu hujitokeza Mei, kwa kuwa Mei ndipo maturubai yanapopigwa na maji ya chupa kugawiwa, tena ndipo matope yanapotukumbusha. Agosti ni kavu. Nani anakumbuka mtaro Agosti?

Agosti 2024 alikumbuka kijana mmoja. Sitamtaja. Alikuwa mpangaji wa bondeni, amemaliza chuo, anafanya kazi za kubahatisha za kompyuta. Miezi miwili kabla ya hapo vijana wa nchi hii walikuwa wameusoma Mswada wa Fedha wa 2024 kifungu kwa kifungu, wengine wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakauweka kwenye simu za kila mtu. Mswada uliondolewa tarehe 26 Juni, lakini usiku wa kuamkia siku hiyo Githurai ilisikia risasi, na kuna milango hapa kwetu iliyokaa imefungwa siku nyingi baada ya hapo. Yule kijana hakuzungumzia usiku huo. Alikuja mkutanoni kwetu, akaketi nyuma pamoja na wapangaji wenzake, na mwenyekiti alipotangaza kwamba "serikali imetuahidi mtaro," akanyoosha mkono akauliza, "Ukurasa gani?"

Mwenyekiti akadhani ni utovu wa adabu. "Kijana, nimekuambia imeahidiwa."

"Nimesikia, mzee. Naomba kujua ahadi iko ukurasa gani wa waraka gani, nikaisome."

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nami, katibu mwenye mwandiko mzuri, nilikuwa na madaftari matatu ya kumbukumbu yaliyojaa maneno "imeahidiwa," "itashughulikiwa," "tumehakikishiwa," na hapakuwa na namba ya ukurasa hata moja. Tangu siku hiyo mtu akisimama kwenye mkutano wetu kuleta habari njema, kuna mama wa bondeni atamuuliza ukurasa gani, na watu hucheka, lakini swali linabaki pale pale mpaka lijibiwe.

Tulikuwa na wiki tatu kabla ya tarehe 1 Septemba. Kijana akasema orodha ya mambo 14 haifai, tupeleke jambo moja, tena lenye vipimo. Vipimo ni kazi yangu. Tepu ya mshonaji ina sentimita 150, kwa hiyo nilichukua kamba ya katani nikaifunga fundo kila baada ya tepu moja, mafundo 20, na Jumapili moja baada ya ibada tukatembea mtaro wote, mimi nikishika ncha moja, kijana ncha nyingine, na watoto wakihesabu kwa sauti. Tuliandika urefu, upana pale unapobanwa, kina cha matope kwa fimbo, na idadi ya milango inayofikiwa na maji. Milango hiyo tuliihesabu kwa alama za maji zilizobaki ukutani, rangi ya chai. Mtoto mmoja alisimama karibu na alama ya nyumbani kwao ili tuone inamfika wapi. Ilimfika kifuani.

Kabla ya kupeleka ilibidi tujue mtaro ni wa nani, na hilo lilitula siku nne. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya mifereji ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Hilo liko wazi. Lakini barabara kuu zina mamlaka yake ya kitaifa, barabara za mijini zina mamlaka nyingine, na mtaro hufuata barabara yake kama ndama anavyofuata mama. Tulikuwa tumezoea kumwendea mbunge kwa kila kitu, ilhali hazina ya eneobunge ni ya kazi za serikali ya kitaifa kama vile shule na vituo vya polisi, na hata hiyo Mahakama Kuu iliamua Septemba 2024 kwamba sheria yake inakiuka Katiba. Ofisi ya kwanza tuliyoingia ilitutuma ya pili, ya pili ikaturudisha ya kwanza. Mwishowe mzee mmoja mstaafu wa kazi za ujenzi alitazama mchoro wangu akasema kipande cha juu ni cha barabara, kuanzia kivuko kushuka ni cha kaunti, na ofisi zote mbili zilipokubali maneno yake tukajuta kwa nini hatukuanza kwake.

Na ile kamba ilitufikisha mahali ambapo hatukutaka kufika. Fundo la 13 la mara ya tatu lilipita chini ya jiko la mtu. Kuna ploti tatu zilizojenga juu ya njia ya maji: moja ukuta, moja vyoo, moja jiko na chumba cha kukodisha. Hicho chumba ni cha mweka hazina wetu.

Chama chetu kilianzishwa na wenye ploti. Hilo si siri. Walikutana kwanza kwa sababu ya usalama, wakaweka ada, wakajichagua. Wapangaji waliruhusiwa baadaye, kwa nusu ada, na kwa miaka mingi walikaa nyuma ya hema kama wageni waalikwa. Mwenye ploti akisema "mtaa wetu" anamaanisha mali yake. Mpangaji akisema hivyo anamaanisha mahali anapolala mwaka huu. Maji hayajui tofauti hiyo, ila huanza na mpangaji. Sasa mchoro wetu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ulionyesha kwamba mvua inayomwamsha mpangaji usiku inazuiwa na chumba ambacho mpangaji mwingine anakilipia kodi, na pesa za kodi hiyo zinaingia mfukoni mwa anayetunza ada za wote wawili.

Nitakiri: mara ya kwanza nilichora kile kipande kwa penseli badala ya wino. Niliogopa. Mweka hazina ni mtu mwema, aliyenikopesha pesa za cherehani yangu ya pili bila riba. Kijana akauona mchoro, hakusema kitu, akanipa kalamu.

Tulipeleka waraka wetu kabla ya tarehe. Kurasa mbili, jambo moja, mchoro mmoja, sahihi za watu. Mpango ulipotoka tuliupakua, tukautafuta, na kijana akapiga kelele kama mtu aliyefunga bao: mtaro wetu ulikuwa umeandikwa, mstari mmoja mwembamba ndani ya jedwali refu. Kiambu ina wadi 60, na kila moja inataka mstari. Nilinakili namba ya ukurasa kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu.

Si kwamba mstari ni mtaro. Februari 2025 tulikwenda tena, wachache, bila machozi. Aprili tukaenda. Tulipolinganisha mpango na makadirio, maneno yalikuwa yamebadilika: "kujenga mtaro na kivuko" yamekuwa "kukarabati mtaro." Kwa fundi wa nguo tofauti hiyo haihitaji maelezo. Kushona suruali na kutia kiraka ni kazi mbili, na bei mbili. Tulisimama tukasema hivyo hivyo. Kuna waliokuwa wakinong'ona kwamba vikao hivi ni vya kutimiza sheria tu, kwamba mambo huamuliwa kwingine, na sikuwalaumu, kwa maana mimi mwenyewe nimewahi kuyasema hayo. Lakini kijana alikuwa amekuja na habari ambayo kila mtu wa Kiambu angepaswa kuijua: mwaka 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alitaka watangaziwe makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kwenye redio za lugha zao. Uamuzi huo umenukuliwa katika kesi nyingi za nchi hii, na ulitokana na kaunti yetu, na malalamiko ya watu wa hapa hapa. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Kumbe sisi ndio tulifungua njia," kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba shamba analopita kila siku lilikuwa la babu yake.

Julai mwaka mpya wa fedha ulianza. Tukasubiri. Septemba ikapita kimya, nikaandika barua ya kuomba taarifa: je, kazi imetangazwa kwa makandarasi, na ni ukarabati wa namna gani. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na inampa afisa siku 21 kujibu. Akikaidi kuna ofisi ya Ombudsman. Niliandika kwa Kiswahili, kwa makusudi, ukurasa mmoja, nikapeleka nakala mbili na nikadai muhuri kwenye nakala yangu. Karani aliisoma mara mbili, akaniangalia, akasema hajawahi kupokea ya Kiswahili. Akapiga muhuri. Jibu lilikuja siku ya 19, sentensi nne za Kiingereza, likisema kazi iko kwenye mpango wa ununuzi wa robo ya tatu, na kwamba eneo la kazi ni lazima liwe wazi kabla ya mkandarasi kuingia.

Hiyo ndiyo taarifa niliyoisoma Desemba. Niliisoma yote, pamoja na maneno "ni lazima liwe wazi." Kisha nikasema malengo ya mwaka ujao, ambayo kamati ilikuwa imeyaandika saba na mimi nikayapunguza kwa idhini yao yakabaki matatu: kufuata ile kazi ya robo ya tatu, kupeleka kivuko kwenye mpango wa Septemba kwa kuwa ukarabati hautakigusa, na kuifungua njia ya maji. Hilo la tatu nililisoma kwa sauti ndogo. Mama wa bondeni akasimama, akaniuliza, "Katibu, hiyo njia imefungwa na nani?"

Angeweza kusema mwenyewe. Kila mtu alijua. Aliniachia mimi.

Nilitaja ploti tatu kwa namba zake, si kwa majina ya watu. Hema likatulia, halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mwenye ploti mmoja akauliza kama chama kimekuwa mahakama. Mpangaji mmoja akasema yeye ameshalipia magodoro matatu. Mwenyekiti akapiga meza, na mweka hazina, aliyekuwa ameshika kitabu cha hesabu akisubiri zamu yake, akasimama akasoma mapato na matumizi yote, mpaka shilingi za nauli, kwa sauti ile ile ya kila mwaka. Alipomaliza akafunga kitabu na kuondoka kabla ya soda.

Wiki mbili hakupita dukani. Nilijua nimepoteza rafiki, na nilikuwa nikihesabu akilini nitamlipaje salio la cherehani. Jumapili ya tatu, jua likishuka, alisimama mlangoni, amevaa kofia ya kazi. Hakuketi.

"Fundi," akasema, "njoo na ile kamba yako. Nataka kujua nikibomoa jiko peke yake, chumba kinabaki?"

Kamba ilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ilipo siku zote. Tulipima mara mbili, yeye akishika ncha ya ukutani na mimi ya upande wa pili, mpangaji wake akitutazama dirishani amempakata mtoto. Jiko lote liko juu ya maji, na chumba nacho kimeingia mafundo mawili na robo. Alinitaka niandike. Daftari la chama nilikuwa nimeliacha dukani, kwa hiyo niliandika kwenye lile la wateja, chini ya vipimo vya suti ya bwana harusi, naye akasogea karibu ahakikishe nimeandika kwa wino.